Mfuko wa Mchanga Tumboni

Siku yangu ya kwanza kazini Matroni alinilaza kwenye mkeka na sare yangu mpya, akaniwekea tumboni mfuko wa mchanga wa ziwani. "Mfuko uinuke, mabega yatulie," alisema. "Kabla hujamfundisha mgonjwa kupumua, binti, pumua wewe." Ndivyo nilivyokijua kiwambo, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Kikilegea, mabega hufanya kazi isiyo yao na mgongo hupinda.

Pumzi tulizipima kwa sala. Mgonjwa alisema Baba Yetu bila kuvuta hewa tena, nasi tukasikiliza ameishia wapi. Waislamu walisoma Alhamdu. Nilipohamishiwa hospitali moja ya Mwanza mjini kama mtaalamu wa viungo, nilikwenda na kipimo hicho.

Miaka ya tisini ikaja na biashara huria, na Mganga Mfawidhi mpya, mkuu wa hospitali, akaniita.

"Mama, chumba chako kinakodishwa. Kitakuwa duka la dawa."

"Na mazoezi ya wagonjwa?"

"Ya kupumua? Hata mbuzi anapumua."

"Mbuzi habebi karai la dagaa kichwani, daktari."

Nilikuwa namfikiria Mama Kulwa, mchuuzi aliyetolewa maji kifuani. Alipinda upande mmoja kama mtu anayetega sikio, na sala yake ilikatikia kwenye "mbinguni". Asiponyooka asingerudi mwaloni, soko la samaki la ufukweni, kuuza dagaa, na mapacha wake walikula kwa karai hilo.

Nikamshukuru Mungu kwa baraza la kufulia, nikahamishia mikeka huko. Wahudumu wakaniita Mama Mchanga.

"Leo umeniwekea ziwa zima?" Mama Kulwa aliuliza akiwa chali.

"Nusu tu. Inua."

Mfawidhi akatukuta hapo. "Nilisema mazoezi yamekwisha."

"Ulitaka chumba, nimekupa chumba."

"Nitakuhamisha."

"Nihamishe, daktari. Ila huyu kwanza asimame."

Mama Kulwa akavuta pumzi, akaanza Baba Yetu. Mfawidhi akainamisha kichwa, maana kwetu mtu hakatizwi katikati ya sala. Mama Kulwa akafika "mkate wetu", akakohoa. Haikutosha, na sote watatu tulijua.

"Akishapona, unaondoka," Mfawidhi akasema.

Tuliendelea palepale, mashuka yakitudondoshea maji. Asubuhi moja Mama Kulwa alifika "maovuni" na kuongeza "Amina" kwa pumzi ileile. Akarudi mwaloni, karai kichwani, shingo imenyooka. Nami nikahamishiwa Sengerema, kama nilivyoahidiwa.

Kwenye kivuko mpakizi aliipokea mifuko yangu akicheka. "Mama, Sengerema hakuna mchanga?"

"Upo. Huu umeshazoea kazi."

Huko nilifundisha hadi nikastaafu, na hakuna aliyenifungia baraza.

Sasa naishi Buswelu, pembezoni mwa Mwanza. Vijana mnaoanza kazi hii mtaambiwa haina faida. Msibishane sana, tandikeni mkeka. Pumzi yangu mwenyewe siku hizi inaishia kwenye "mkate wetu". Kila asubuhi najilaza, naweka mchanga tumboni, naanza tena "Baba Yetu".