Mistari Minane ya Nanasi

Jumamosi, sokoni Mkuyuni, nilisimama kwa mama anayeuza mananasi ya kumenywa. Akishatoa ganda, hupitisha kisu kwa mshazari na kuondoa macho ya nanasi, mstari mmoja baada ya mwingine.

"Mama, unamenya au unasuka nywele?" mteja mmoja akamtania.

Nikajitia ualimu. "Mistari hiyo ina hesabu. Ukizungukia upande huu ni minane, upande ule kumi na mitatu. Mananasi mengi yako hivyo."

"Najua, mwalimu," mama akasema bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana nafuata ile minane, nikate mara chache. Marehemu mkeo ndiye aliyenionyesha. Alisema amejifunza kwako."

Kweli nilimweleza mke wangu, mara moja tu, mezani. Aliendelea kumenya nanasi lake, nami nikadhani hajaelewa, nikamwambia, "Basi, acha. Haya huyawezi."

Ila miaka yote iliyofuata aliniwekea mbele nanasi lenye mifereji minane. Mimi niliyesomea hesabu chuo kikuu nililila, nikasema asante, na sikuhesabu hata siku moja.