Kilele cha Ziada

Aibu hii ni ya juzi. Kwenye maabara yetu Pasiansi, Dokta Kokugonza alitengeneza molekuli yenye pete mbili zilizoungana. Ingeweza kutokea katika umbo moja kati ya mawili: atomi zilezile, ila kundi moja linaelekea juu au chini. Mashine ya NMR huyatofautisha kwa kupima hidrojeni zake ndani ya sumaku na kuzichora kama vilele kwenye chati, na hilo hunistaajabisha kila mara.

Chati iliporudi, mimi fundi niliyejisomea kemia niliona kilele cha ziada. Kikaoni nikakichora ubaoni na kutangaza kwamba maumbo yamechanganyika, kazi ya Dokta ya mwaka mzima irudiwe.

Dokta aliitazama chati kidogo tu. “Umbo ni moja, safi. Hiki kilele ni asetoni, ile ya kusafishia vyombo. Baba Neema, kichupa cha sampuli ulikisuuza kwa kitu gani?”

“Asetoni, Dokta,” nikajibu, chaki ingali mkononi.