Maziwa ya Bibi

Mimi ndiye niliyemwambia bibi, mbele ya mama, kwamba maziwa yake anayanywa mbwa. Leo nimenusa kibuyu kilichofukizwa moshi, nikaukumbuka mdomo wangu.

Bibi, mama yake baba, alituletea maziwa ya mgando kila Jumapili akitoka kanisani, yaliyochanganywa na vumbi la mkaa kuyapa ladha. Siku hiyo akauliza, "Ya Jumapili iliyopita yalikuwaje?"

"Matamu sana, mama," mama akajibu.

Nikadakia, "Mbwa alilamba mpaka bakuli!"

Bibi akabeba kibuyu chake, akaondoka bila kuaga. Mama akanishika sikio.

"Mtoto gani wewe! Mkimbilie bibi yako. Mwamkie, omba hayo maziwa, unywe mpaka yeye aseme basi. Na ukitaka kutapika, sema umeshiba."