Vikopo Viwili vya Tezi

Kwa miaka kumi na tisa Mama Mvuke aliosha vyuma vya upasuaji. Jina hilo alipewa na manesi, maana ukimtafuta utamkuta pale pale kando ya mashine ya mvuke, uso umelowa, anagomba. Mkasi ukirudi na damu iliyokauka, alipanda nao ngazi hadi mlangoni pa chumba cha upasuaji. "Nani kauacha huu bila maji? Mimi punda wenu?" Hata madaktari bingwa walimkwepa.

Mwenzake wa pale sinki aliitwa Redio, na huhitaji kuambiwa kwa nini. Wawili hao walikuwa na elimu yao ya vikopo. Mgonjwa wa saratani ya kizazi akifanyiwa upasuaji wa matundu madogo tumboni, daktari hudunga rangi ya kijani kwenye shingo ya kizazi, na kamera ikamwonyesha tezi ya kwanza kupokea rangi hiyo, kulia na kushoto. Huzitoa hizo tu, kila moja kwenye kikopo chake kidogo, zikapimwe kama ugonjwa umeshatoka nje ya kizazi. Vikitoka vikopo viwili vidogo, Redio alisema, "Huyu kapona." Kikitoka kikopo kikubwa, yaani tezi nyingi zimekatwa, walitazamana tu. Nani aliwafundisha? Hakuna! Majibu hutoka maabara, tezi ikishakatwa nyembamba na kutazamwa kwa darubini. Pale sinki hawakuwa na darubini.

Kisha Mama Mvuke mwenyewe, miaka minane tangu akome hedhi, akaanza kutokwa damu. Akapimwa, ikaonekana saratani ya kizazi, akalazwa, akapasuliwa. Alipozinduka, Redio alikuwa kashafika wodini, meno yote nje.

"Viwili, dada! Vidogo! Nimeviona kwa macho yangu haya!"

Mama Mvuke alilia kwa furaha mpaka vidonda vyake vinne vya tumboni vikamuuma.

Daktari alimwandikia arudi baada ya wiki tatu kuchukua majibu. Ghorofa mbili tu juu ya sinki lake, jamani! "Nikapange foleni niambiwe ninachokijua?" alisema, na Redio akamuunga mkono. Mara mbili nesi wa kliniki alimpigia simu, mara mbili akajibiwa, "Nitakuja, mwanangu, niache nioshe." Alirudi kazini, akagomba, akacheka, akanunua mapazia mapya ya sebuleni. Natamani kumlaumu, lakini moyo unakataa.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji, mguu wa kushoto ukavimba, mgongo ukawaka moto. Hapo ndipo alipopanda ngazi.

Daktari alimpeleka kwanza apigwe picha, kisha akamkalisha. Aliisoma karatasi ya maabara, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mama, tezi ya kushoto ilikuwa na saratani. Ungekuja tarehe ile niliyokuandikia, tungeanza dawa na mionzi, ungekuwa na nafasi nzuri. Picha ya leo inaonyesha imefika kwenye ini."

"Na sasa?"

"Sasa tutakupunguzia maumivu. Kukuponya hatuwezi tena."

Alitafuta wa kumgombeza, akakosa. Aliaga kwa adabu, akateremka ngazi moja moja, ameshika ukuta.

Redio alikuwa amesimama, bomba limefunguliwa, maji yanamwagika hadi sakafuni.

"Vipi, dada?"

"Ilishatoka nje. Iko kwenye ini."

Redio alikaa chini, pale pale kwenye maji. "Ni mimi," alisema. "Mimi na domo langu! Ungepanda mapema ungepona, si ndiyo? Niambie ukweli, dada. Usinifiche."

Hasira zilimpanda Mama Mvuke. Alitaka kumzaba kofi, alitaka kupiga ukunga jengo zima lisikie. Alifunga bomba. Akamtazama mwenzake wa miaka yote ile, kaloa, bado kakaa kwenye maji.

"Nimemuuliza daktari," akasema. "Kasema ingekuwa vile vile tu. Haya, inuka, unaloa."