Kiraka Kibichi Chumbani mwa Mama

Bamgbade alikuwa mkaguzi wa afya mjini Lagos, na mtaa mzima ulimwita Bwana Chungulia. Wala hawakumwonea. Aliingia nyumba za watu bila kualikwa, akainamia mitungi yao kutafuta viluwiluwi vya mbu. Wazee walikuwa wakizikwa ndani, chini ya sakafu ya vyumba vyao, mpaka serikali ya kikoloni ikapiga marufuku na kutenga makaburi nje ya mji. Bamgbade ndiye aliyewafundisha wenzake kuwanasa wakaidi: "Tafuteni kiraka kibichi. Kiangazi hiki, sakafu haina sababu ya kuwa mbichi." Kwa ujuzi huo alifukulisha maiti ya baba yake Lasisi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Tangu siku hiyo Lasisi hakumwitikia salamu.

Hakuwa mtu mbaya. Ndui ilimchukulia mke, naye aliamini kwa dhati kwamba usafi ungewaokoa wengine.

Kisha mama yake, Efunyemi, mkaanga akara, bajia za kunde, akaugua.

"Bamgbade, usinipeleke kule porini. Silali na watu nisiowajua."

"Utapona, mama."

"Nimekuuliza kama nitapona? Nilaze humu humu, niwasikie wajukuu wakigombania akara. Au mpaka nikamwombe ruhusa Bwana Chungulia?" Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

"Nitakulaza humu, mama."

Aliahidi asichokiweza, na alijua. Mama alipofariki, jeneza lilikwenda makaburini kama ya wengine.

Lakini mtu akifia ugenini, nywele na kucha zake huletwa kuzikwa nyumbani. Mama hakufia ugenini, alizikwa ugenini. Bamgbade akaona ni mamoja. Za mama alikuwa amezikata kabla ya mazishi. Akazifunga katika kitambaa cheupe, akachimba kishimo cha ukubwa wa sahani chumbani mwa mama, akakiziba kwa udongo na kuusawazisha kwa kiganja. Akamwomba mama radhi.

Kesho yake wakaguzi wakafika, kama walivyofika kila nyumba yenye msiba, daktari wa serikali akiwa nao. Sanusi, aliyefundishwa kazi na Bamgbade, akachuchumaa chumbani na kugusa sakafu.

"Kaka, hapa pabichi."

"Ni nywele na kucha tu, Sanusi. Jeneza la mama ulilibeba mwenyewe."

"Najua, kaka. Ila bwana mkubwa kashaona. Nifanyeje?"

Jembe likapigwa mara mbili tu, kitambaa kikatoka. Daktari akakinyanyua kwa ncha ya fimbo, akaamuru kimwagiwe mafuta ya taa na kuchomwa uani. Bamgbade alieleza kwa Kiyoruba, akaeleza kwa Kiingereza, sauti ikamkauka. Hakuna aliyemkatalia, hakuna aliyemsikiliza.

Lasisi alisimama mlangoni. Bamgbade alisubiri kicheko chake, na moyoni alikitamani. Lasisi akavua kofia, akainama kama watu wainamavyo msibani.

Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa bado uani Sanusi alipomletea daftari. Mtaa ule ulikuwa wa Bamgbade kuukagua, na kila nyumba iliyokaguliwa aliiandika yeye. Penye nyumba yake mwenyewe akaandika kwa mkono wake: imekaguliwa, ni safi.