Harufu ya Vanishi

Mdogo wangu ni fundi wa vanishi, na wenzake karakana wanamwita Brashi. Meza ikitoka kwa seremala ina vumbi na mikwaruzo, yeye huipiga msasa, kisha huipaka vanishi iliyochanganywa na spiriti mpaka unajiona uso ndani yake. Kazi hiyo humwachia harufu mwilini, kwenye shati, hata kwenye mto wa kulalia. Ndiyo iliyomficha miaka tisa. Ukimwambia ananuka pombe anakutazama kwa huruma, anakuambia ni kazi, na wewe unajiona mtu mbaya.

Mimi nilikuwa wakili wake. Asipoonekana karakana, nampigia bosi wake kwamba homa imemlaza. Alipoanguka kwenye harusi ya binamu yetu na sinia zima la glasi, nikawaambia wakwe ni presha. Uongo ulikuwa mwingi hata nikausahau. Siku moja bosi aliniuliza kama mguu umepona, nikamuuliza mguu gani.

Wifi hakuwa mjinga. Alimchukua binti yao akaenda kwa mama yake, na akiwa mlangoni alinigeukia mimi, si mumewe. Alisema atarudi siku Brashi atakaposimama mbele za watu na kukiri ulevi wake kwa kinywa chake mwenyewe. Si kwa kinywa cha dada yake. Hayo ya mwisho yaliniuma, na bado yananiuma.

Kikundi cha watu wanaoacha pombe Brashi hakukitafuta. Aliitwa kupaka vanishi mlango wa ukumbi ulio nyuma ya zahanati. Mkono wa kwanza wa vanishi lazima ukauke kabla ya kupaka wa pili, kwa hiyo akageuza ndoo, akaketi kungoja. Ndani watu kama kumi na wawili walikuwa wamekaa duara, wakisimulia walichofanywa na pombe. Mwanamke mmoja alieleza alivyokuwa akificha chupa kwenye kikapu cha nguo chafu, kwa kuwa hakuna mwingine nyumbani aliyekuwa akifua. Brashi aliniambia alicheka, na kucheka kwenyewe kukageuka kilio. Mlango ulikauka zamani, yeye bado yuko kwenye ndoo.

Jumamosi iliyofuata aliingia. Kiongozi wao ni nesi mstaafu ambaye naye pombe iliwahi kumtoa kazini. Alimweleza utaratibu: anayenuka kileo hafukuzwi, anakaa na kusikiliza, ila siku hiyo hasemi. Kisha akamsogelea, akanusa, akamwonyesha kiti cha pembeni. Jumamosi ni siku ya kazi, na Brashi hutoka karakana moja kwa moja. Nilimpa sabuni na shati safi, akajisugua mpaka ngozi ikawaka, harufu ikabaki pale pale. Akakaa kimya wiki ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Nilipojua kwamba hajajitetea, nilimfokea. Kwa nini hawaambii kwamba ni vanishi? Alikuna kucha zake za kahawia kabla ya kujibu.

"Dada, hilo neno nimeshalimaliza. Nikilisema, hata mimi siliamini."

Jumamosi ya sita jamaa walikaribishwa, nami nikaenda. Nesi alipomnusa tena na kumwonyesha kile kiti cha pembeni, damu ilinichemka. Nilisimama bila kuombwa. Nikawaeleza kuhusu spiriti na msasa, nikaushika mkono wake na kuupitisha puani mwa kila mtu kama ninauza samaki. Nikasema mnamwonea huyu, wiki sita hajagusa hata tone, na mkewe anasubiri simu leo hii. Nilisema vizuri sana. Nina uzoefu.

Nesi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia. "Ni kweli, Brashi?"

Mdogo wangu aliinuka.

"Leo ni vanishi," alisema. "Na zile wiki nne za mwanzo. Wiki iliyopita haikuwa vanishi. Nilikunywa chupa nzima stoo, nikaja nikakaa hapa, na nyie mkaona ni kawaida yangu. Mimi ni mlevi. Dada hajui, msimlaumu."

Nilikaa chini. Nilimwonea hasira, halafu nikajionea hasira mimi mwenyewe, maana aliyenidanganya ni yeye na aliyemfundisha ni mimi. Nesi hakumpongeza wala hakumkaripia. Alikivuta kile kiti kutoka pembeni, akakiingiza kwenye duara, akamwambia aendelee. Brashi alisema kama dakika ishirini, na mengi yake sikuwahi kuyasikia.

Tulipokuwa tunatoka, simu yangu ikalia. Wifi alitaka kujua kama amesema. Nikamwambia amesema. Akauliza amesema nini.

Maneno yalikuwa yameshanijaa mdomoni, yamejipanga yenyewe. Ile wiki moja ningeiruka tu, nani angejua? Nilimsikia binti yao akicheka huko nyuma, na nilitamani mno arudi nyumbani. Nikampa Brashi simu.

Aliipokea kwa vidole vyake vya kahawia, akaegemea ule mlango alioupaka mwenyewe.

"Wiki iliyopita," akaanza.