Njia Aliyowaachia Mama

Juzi niliona nyoka akikimbia shamba linaloungua, nikakumbuka alasiri moja kwetu Mpimbwe, tulipochoma nyasi ili tulime mpunga. Mama aliacha ukanda wa majani bila kuuchoma, kuelekea mtoni. Nikadhani amechoka, nikaokota kijinga cha moto nimmalizie kazi.

“We Skola, acha!” akanidaka mkono. “Nyoka wapite wapi? Ukiwazibia, watakimbilia ndani alikolala mdogo wako.”

Majani yakachakarika bila upepo. Walivyopita kwa adabu, niliamini Mama ameongea nao. Sasa najua walifuata tu unyevu na vyura, maana makao yao tulikuwa tumeyageuza shamba.

Namshukuru Mama hadi leo. Tuliporudi ndani tukinuka moshi, mdogo wangu alikuwa bado amelala mkekani, peke yake.